Bendi yetu ya Mbeya na albamu mpya: turekodi wote chumba kimoja hapa hapa, au twende Dar kipande kipande?

Solo la Pili Uyole

Wakuu heshima kwenu, wazee shikamooni.

Napiga gitaa la solo la pili kwenye bendi moja hapa Mbeya. Jina siliweki, ila wanaopita Mafiati na Mwanjelwa Jumamosi usiku watatujua tu. Tuko sita: solo mbili, besi, dramu, kibodi na mwimbaji, ambaye ndiye kiongozi. Muziki wetu shabiki mmoja aliuita dansi iliyovaa buti, na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Magitaa yanaunguruma, mashairi ni Kiswahili na Kinyakyusa, na wimbo mfupi kuliko zote una dakika sita.

Nyimbo nane za albamu mpya ziko tayari, ugomvi ni namna ya kuzirekodi. Kiongozi anataka twende Dar kwa prodyuza: mapigo yanatengenezwa kwenye kompyuta, kila mtu anaingia peke yake, anapiga kipande chake, anatoka, anaingia mwenzake. Anasema redio siku hizi hazipokei kitu kingine. Mimi na mpiga dramu tunataka turekodi wote kwa pamoja, Mbeya hii hii, tukitazamana. Besi na kibodi wanasema watafuata upande wenye chakula.

Niseme ninakotoka. Aliyenifundisha gitaa ni mzee mmoja mstaafu wa reli, anakaa Iyunga, na kaseti zake nyingi alizipata upande wa Zambia enzi anasafiri na treni. Humo ndimo nilimokutana na rock ya kusini mwa Marekani. Kwa Allman Brothers kulikuwa na solo mbili, Duane Allman na Dickey Betts, na hakuna kati yao aliyekuwa msindikizaji wa mwenzake. Wanaanza pamoja, mmoja juu, mwingine hatua mbili chini yake kwenye skeli, wanatembea hivyo kama mtu mmoja mwenye mikono minne, halafu wanaachana: huyu anauliza, yule anajibu, na jibu linategemea swali lilivyoulizwa usiku huo. Mzee alikuwa anasimamisha kaseti anauliza, "Hapo nani kaongea?" Ukikosea, anairudisha nyuma kwa kalamu, maana kitufe kilishakufa.

Na hawakuwa watu wa mjini mkubwa. Bendi ilianzia Jacksonville, Florida, mwaka 1969, ikahamia Macon, mji wa wastani tu wa Georgia, ambako Phil Walden alikuwa na kampuni yake ya Capricorn. Albamu mbili za kwanza, za studio, hazikuuza kitu cha maana. Iliyowafungulia njia ni ya tatu, iliyorekodiwa jukwaani Fillmore East, Machi 1971. Nyimbo saba tu, zikajaza santuri mbili. (Ndiyo, Fillmore East iko New York, najua kiongozi wangu akisoma hapa atalishika hilo. Lakini walikwenda kupiga, wakarudi kwao Macon.) Mambo hayo hayakufa na kaseti pia. Blackberry Smoke wa Atlanta walitoa albamu Februari 2024, na magitaa bado yako mbele.

Nikisema nikapige sehemu yangu peke yangu, nimevaa spika za masikioni, solo la kwanza yuko nje anakula chipsi, mimi nitakuwa namjibu nani?

Kuna aliyewahi kurekodi bendi nzima kwa mpigo mmoja, Mbeya au Iringa? Ilikuwaje? Na hizi nyimbo ndefu tuzikate au tuziache?

---

Lori la Tunduma

Mkuu umenigusa, kaseti hizo nimezimaliza barabarani kati ya Igawa na Tunduma. Ila nikupinge kidogo.

Watu wakisikia rock ya kusini wanadhani ni kupanda jukwaani na kucharaza mpaka vidole viishe. Sasa chukua Lynyrd Skynyrd, hao hao wa Jacksonville. Magitaa matatu. Magitaa matatu yasipopangwa ni vurugu. Walikuwa na kibanda cha bati porini karibu na Green Cove Springs, na kwa joto la humo ndani wakakiita nyumba ya jehanamu. Humo ndimo walimoshinda, siku baada ya siku. Solo zilitungwa noti kwa noti na kukaririwa, ndiyo maana unayoisikia kwenye santuri ndiyo iliyopigwa jukwaani. Ronnie Van Zant, mwimbaji wao, hata mashairi alikuwa haandiki, anayabeba kichwani. Walipoingia studio ya Doraville, Georgia, na prodyuza Al Kooper kwa ajili ya albamu yao ya kwanza ya 1973, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kwenye lile bati.

Kwa hiyo suala la chumba kimoja au vipande mimi naliweka pembeni kwanza. Hizo solo zenu mbili mmeshazitunga, au kila Jumamosi mnabahatisha? Kama mnabahatisha, nendeni Dar, kompyuta itawasitiri.

---

Solo la Pili Uyole

Lori, umenichoma lakini sawa. Nyimbo tano solo zimefungwa kabisa, hata usingizini nazipiga. Tatu tumeacha dirisha katikati, sehemu isiyopangwa, pale ndipo magitaa yetu yanapoongea. Na hizo tatu ndizo watu wanazoagiza.

---

Mapigo255

Bro dakika sita na kuendelea nani atasikiliza? Mimi wimbo ukifika dakika mbili na nusu nishahama. Kiongozi wenu yuko sahihi.

---

Rizimu wa Kihesa

Kamwene. Marahaba vijana.

Mimi nilipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ndogo ya hapa Iringa miaka ya 80. Msihangaike kunitafuta, hatukuacha jina. Waliokuwa na jina ni Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha hapa mjini, mtindo wao Fimbo Lugoda. Mbele kwenye maiki walisimama mapacha waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Sisi wadogo tulikuwa tunasimama mlangoni kuiba. Ukisikia wale mapacha wanavyoingia pamoja unashindwa kujua pumzi ni ya nani. Ilikuwa bendi ya mkoa, kijana wangu, na nchi nzima iliijua. Walikwenda Dar kurekodi kwa sababu mitambo ilikuwa Redio Tanzania, na wakimaliza wanarudi Iringa.

Sasa nikueleze kurekodi kwa enzi zile, maana naona mnajadili jambo ambalo kwetu halikuwa na mjadala. Mnaingia wote. Fundi mitambo hana maiki za kumtosheleza kila mtu, kwa hiyo anapanga watu badala ya kupanga mashine: tarumbeta nyuma kabisa karibu na ukuta, waimbaji wanazunguka maiki moja, mwenye sauti kali anaambiwa arudi nyuma hatua moja, anarudi, anaambiwa nusu hatua tena. Amplifaya ya rizimu inageuziwa mgongo. Mnapiga mara moja ya kujaribu. Taa ikiwaka, hakuna kukohoa. Besi akiteleza kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza, wimbo umeshafika mbali, mnarudi mwanzo nyote, na hapo ndipo unapojua nani rafiki yako. Tulitoka na jasho mpaka kwenye viatu. Lakini ulichokisikia redioni ni bendi. Mpiga tumba akitabasamu unasikia kwamba katabasamu.

Huyo Mapigo nimjibu kwa upole. Nyimbo ndefu si ugonjwa wa leo. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na nyimbo zetu nyingi zilikatwa humo: upande wa kwanza mashairi, sehemu ya kwanza, unageuza, sehemu ya pili, waimbaji wanapungua, magitaa yanachukua nyumba. Redio ikitaka kifupi inapiga upande wa kwanza. Anayetaka kucheza anageuza. Na santuri zenyewe zilichapwa Nairobi, hapa kiwanda hatukuwa nacho, kwa hiyo msione nyie ndio wa kwanza kuhangaikia mashine za mbali.

Mwisho nikuulize swali la kizee. Vyombo ni vya nani? Bendi nyingi za zamani vyombo vilikuwa vya shirika au kiwanda. Siku mwenye vyombo alipoyumba, vyombo vilichukuliwa, na wapigaji wazuri kabisa wakabaki na vidole vyao.

---

Solo la Pili Uyole

Shikamoo mzee wangu, ndaga sana. Hilo la pande mbili limenipa akili: nyimbo zetu tatu ndefu zinakatika vizuri kabisa pale mwimbaji anaponyamaza.

Vyombo: magitaa mawili ni yetu wenyewe, dramu tumechangishana. Besi na mixa ni vya mwenye baa. Umeuliza swali ambalo ndani ya bendi huwa linazimwa na mtu anayeagiza soda.

---

Fundi Nyaya Mwanjelwa

Habari wadau. Mimi nafunga mitambo ya sauti kwenye harusi na makongamano, na bendi nzima nimesharekodi. Inawezekana Mbeya, ila kuna mambo ambayo hayana habari na ushabiki wenu wa kusini.

Bati. Hapa kwetu mvua inaanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili, hata Mei. Ukumbi wa bati usio na dari, mvua ikigonga, hakuna maiki duniani itakayokuelewa. Fanyeni kipindi cha kiangazi. Lakini msiende Juni wala Julai pale Uyole, asubuhi vidole havikunji. Na nyuzi nazo: chuma kikipoa kinajikaza, sauti inapanda, mkishaingia watu saba chumbani na amplifaya mbili zinapumua moto, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Mtakuwa mnatuni kutwa. Washeni kila kitu, kaeni humo chumbani kama nusu saa, halafu ndipo mtuni, na mlango usifunguliwe ovyo.

Kuvujiana. Hili ndilo la kulielewa kabla hamjagombana na kiongozi. Mkipiga pamoja, maiki ya dramu itasikia gitaa, na maiki ya gitaa itasikia dramu. Kuvujiana kidogo ni kuzuri, ndiko kunakofanya albamu isikike kama chumba chenye watu. Kukizidi, solo la kwanza akikosea noti moja hamuwezi kuirekebisha peke yake, kwa sababu kosa limeshaingia kwenye maiki za wengine wote. Kwa hiyo: amplifaya za solo zote mbili zitazame ukuta, kila moja kona yake, nyuma yake magodoro yamesimamishwa. Si mablanketi, blanketi halizuii kitu chochote cha chini. Besi isipite kwenye spika kabisa, ingizeni waya moja kwa moja kwenye mixa. Mwimbaji aimbe pamoja nanyi siku hiyo ili awape moto, lakini sauti yake ya kweli irekodiwe baadaye, peke yake. Hapo hata kiongozi wenu anapata nusu ya alichokitaka.

Kinasa sauti cha gitaa lako ni cha koili moja? Kama ni hivyo utasikia mvumo wa umeme, mmmm ya chini isiyoisha. Geuka ukiwa na gitaa, taratibu, kuna upande chumbani mvumo unapungua. Weka alama ya chokaa sakafuni, usiondoke hapo. Taa za mirija zizimwe. Jenereta liwe tayari, lakini likae mbali.

Na pigeni kila wimbo mara tatu, mchague mzima mmoja. Mkianza kuchukua mwanzo wa huu na mwisho wa ule, mapigo yatawaumbua, labda mpiga dramu wenu awe na saa kichwani.

---

Mapigo255

Mzee wa Kihesa nimekusoma, upande wa kwanza na wa pili imekaa poa. Ila mi bado.

---

Binti Rungwe

Habarini kaka zangu, wazee shikamooni. Mimi si mpigaji, ni mtu wa makaratasi. Nimewasaidia wasanii kadhaa kusajili kazi zao, na ninachokiona kwenye bendi ni kile kile kila mara: mnaongea gitaa usiku kucha, na hakuna anayeuliza wimbo ni wa nani.

Kabla hamjawasha hata amplifaya moja, kaeni na karatasi. Kila wimbo: nani katunga maneno, nani katunga tuni, kila mmoja asilimia ngapi, jumla ifike mia, wote msaini. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki, inawatenganisha mtunzi, mpigaji na mwenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote vitatu, lakini kwenye bendi ya watu sita mara nyingi si hivyo. Aliyelipia kurekodi ana haki zake kwenye rekodi. Mwenye baa akitoa mixa na hela ya mafuta ya jenereta, halafu hamjaandika kitu, siku wimbo ukishika atakuja, na atakuwa na hoja.

Zile nyimbo tatu zenye dirisha ndizo za kuziangalia zaidi. Kama tuni imezaliwa humo kwenye dirisha, solo mbili mkiongea, na baadaye mwimbaji akaifanya kiitikio, mtunzi ni nani? Malizeni wakati bado mnacheka pamoja.

Kusajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama bendi na kusajili kazi COSOTA ni vitu viwili tofauti, msifanye kimoja mkadhani mmemaliza. Mkipakia mtandaoni, kila rekodi inapata namba yake ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ISRC. Ukikata wimbo sehemu ya kwanza na ya pili kama alivyosema mzee, ni rekodi mbili, namba mbili. Na andikeni jina la bendi kwa herufi zile zile kila mahali. Kuna kikundi nilikisaidia kilikuwa kinaonekana mtandaoni kama bendi tatu kwa sababu ya nafasi na kistari.

Kuhusu urefu, kuna jambo la hela ambalo naona limerukwa. Kwenye Spotify msikilizaji akifikisha sekunde 30 imehesabika amesikiliza. Wimbo wa dakika tisa na wa dakika mbili unahesabika mara moja moja. Kwa hiyo kukata sehemu mbili si heshima ya zamani tu, kuna maana kwenye daftari pia. Ila msikate tano tano kama wanaokata muwa, msikilizaji ataona mnamchezea.

---

Lori la Tunduma

Dada hapo kwenye dirisha umeua.

Nimeona solo la pili kataja kaseti za Zambia, niongeze kidogo. Kule jirani miaka ya 70 walikuwa na rock yao, magitaa yenye mkwaruzo, mashairi mengine Kibemba na Kinyanja. WITCH walikuwa wakubwa wao. Muziki ule ulizimika, wapigaji wengi wakafa, mwimbaji wao Jagari Chanda akabaki. Mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, yeye na wapigaji wengine. Nimeisikiliza Nakonde nikisubiri foleni ya mpaka. Ina vumbi la kwao, hawakuigiza Jacksonville. Kwa hiyo nanyi Kinyakyusa msikipunguze kwa ajili ya redio. Hicho ndicho nilichokitaka kusema tangu mwanzo, nikaanza na ugomvi.

---

Rizimu wa Kihesa

Fundi Nyaya, hilo la chokaa sakafuni sisi tulitumia mkaa. Umenifurahisha.

Kijana, mwambie kiongozi wako neno moja kutoka kwangu: asikose siku ya kupiga pamoja hata kama sauti yake itarekodiwa baadaye. Bendi isiyomwona mwimbaji inapiga haraka, inakimbia. Nimelishuhudia.

---

Solo la Pili Uyole

Wakuu, nimekaa na wenzangu jana, nimewasomea karibu uzi wote. Kiongozi alikuja amenuna, akalegea tulipofika kwenye sauti yake kurekodiwa peke yake. Akaongeza sharti: sauti na uchanganyaji wa mwisho vifanyike Dar kwa prodyuza wake. Nimekubali. Magitaa, besi, dramu na kibodi tunapiga Mbeya, wote pamoja.

Itakuwa Agosti baada ya Nane Nane, maana kabla ya hapo tuna kazi pale viwanja vya John Mwakangale na hela yake ndiyo itakayolipia fundi. Kuna ukumbi wa kanisa huku juu, una dari ya mbao, na mhudumu wake amekubali siku za kazi tu, jioni kuna kwaya. Mixa ya mwenye baa tumeamua hatuitumii. Tutakodi, risiti iandikwe jina la bendi.

Karatasi ya dada Binti Rungwe imetusumbua kuliko vyote. Nyimbo tano zilikwisha haraka. Kwenye zile tatu tulikaa mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama tunagombana. Mbili tumemaliza: solo la kwanza na mimi tuni nusu kwa nusu, maneno ya kiongozi. Ya tatu bado, maana mpiga kibodi naye ameibuka anadai ile ngazi ya noti za kushuka ni yake, na nikisikiliza rekodi za simu naona ana haki.

Fundi Nyaya nimekutumia ujumbe, niambie siku uliyo huru tuje tuuone ukumbi kabla hatujalipa. Na mwenye magodoro ya kuazima Uyole mpaka Isyesye anitafute, tunahitaji manane, makubwa.